Serikali Aliyoifundisha Efraimu

Efraimu mwana wa Lemburis alizaliwa miteremkoni mwa Meru, juu ya Olmotonyi, kabla Wadachi hawajajenga boma lao Arusha. Jina alilopewa na mama yake sikulipata. Nilipopita huko miaka mingi baadaye, wote walimtaja kwa jina la ubatizo, na walimtaja kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja ugonjwa uliowahi kuingia nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Aliwafundisha kusema kweli mbele ya serikali, na aliyelipa kwa somo hilo ni baba yake mzazi. Basi nitaeleza ilivyokuwa.

Mzee Lemburis alikuwa mlinzi wa mfereji. Maji yalitoka kwenye banio la juu, mahali mto unapozibwa ili uingie mferejini, karibu na msitu, yakazunguka tumbo la mlima, yakafika korongoni. Hapo yalivuka juu ya gogo kubwa lililochongwa ndani kama hori, ndipo yakagawanyika kwenda kwenye migomba na maharage ya watu. Bila gogo lile maji yaliangukia korongoni yakapotea, na nyumba zote za ng'ambo zikabaki na vumbi. Kila mtu wa pale alijua kwamba uhai wake unapita juu ya mti mmoja.

Efraimu alipokuwa kijana alikwenda kwa wamisheni, akajifunza kusoma, akabatizwa. Baba yake hakumkataza wala hakumbariki. Alikaa kimya tu, na kwa watu wale kimya cha mzee ni kizito kuliko fimbo. Lakini kijana aliporudi na kazi ya ualimu, ameoa, ana mtoto wa kike aitwaye Anyesi, mzee alilainika. Alimpa mwanawe kipande cha ardhi karibu na korongo, akamsaidia kusimamisha banda la shule. Kuhusu mjukuu wake alisema neno moja tu.

"Mfundishe," alisema. "Lakini usije ukanirudishia mtu wa boma nyumbani kwangu."

Efraimu akaahidi.

Banda lenyewe lilikuwa la miti na majani ya migomba, na upande mmoja halikuwa na ukuta. Mvua ikija kwa upande huo, darasa zima lilihamia upande wa pili na kubanana kama mbuzi. Watoto walikalia magogo. Walisoma herufi, wakaimba, wakahesabu kokoto. Na mara moja kwa juma walikuwa na somo ambalo wamisheni waliliita wajibu: mtoto ajue anawiwa nini na jirani yake, sheria ni nini, na kwa nini mtu asifanye apendavyo.

Somo hilo Efraimu hakulitoa kitabuni. Alilitoa mferejini. Aliwachimbia watoto mfereji mdogo kando ya banda, wa kuchukua maji yaliyomwagika, nao wakapanda maharage yao. Kila mtoto alikuwa na zamu. Asiyetoa tope hafungulii maji. Anayeiba zamu ya mwenzake anaitwa barazani, na baraza ni watoto wenyewe, mmoja wao ameshika fimbo, ndiye laigwanani, yaani msemaji wao.

Na waliamua kama wazee wao walivyoamua. Kule, mtu aliyekosa akisubiri mpaka atajwe, ameongeza kosa juu ya kosa. Lakini akijitokeza mwenyewe kabla hajatajwa, ameshika nyasi mbichi mkononi, hapigwi wala hatukanwi. Mkubwa wa baraza akizipokea zile nyasi, shauri limekwisha. Mkosaji anatoa mbuzi, watu wanamla pamoja naye, na tangu hapo ni mwiko kumkumbusha. Hata mkewe akigombana naye haruhusiwi kulitaja.

Watoto hawakuwa na mbuzi, mbuzi wao alikuwa ndizi ya kuchoma. Palikuwa na mtoto mmoja mnene, Saruni, aliyependa sana kujitokeza, kwa sababu mkosaji naye hula. Siku moja alisimama na nyasi zake akasema ameiba maji jana.

"Saruni, jana ulikuwa nyumbani unaumwa tumbo," mwalimu alimwambia. "Uliyaibaje?"

"Niliyaiba kabla tumbo halijaanza, mwalimu."

Wakacheka mpaka Efraimu mwenyewe akakaa chini. Na ndizi ikaliwa. Watu wazima waliopita njiani walisimama kutazama lile baraza la wadogo, na wengine walisema afadhali kesi zao zingepelekwa pale.

Basi likaja agizo. Boma lilitaka walimu wote, wa misheni na wa serikali, wawafundishe watoto serikali ni nini: watii amri, watengeneze barabara, walipe kodi wakikua, wasikate miti ya msitu. Maana wakati huo Wadachi walikuwa wameuzungushia msitu wa Meru mafungu ya mawe, wakasema kutoka hapa kwenda juu ni mali ya serikali. Mahali ambapo watu walikata mizinga ya nyuki na kuchunga wakati wa kiangazi, sasa kukanyaga ni kosa.

Efraimu alitii, lakini alikuwa na shida moja ambayo hakumweleza mtu. Yeye mwenyewe hakujua serikali ni nini. Boma alikuwa amelifikia mara chache tu, akaona kuta nyeupe, askari mlangoni, na wafungwa wanafagia. Huwezi kumfundisha mtoto kuta.

Watoto nao hawakumwacha apumue. Walitaka kujua kama serikali ni mtu. Akasema si mtu. Je, ni mnyama? Si mnyama pia.

"Ina ng'ombe?" Anyesi aliuliza.

"Inao, tena wengi."

"Basi ni mtu," alisema Anyesi, na darasa zima likaona hoja hiyo haina jibu.

Ndipo Efraimu akafanya kama afanyavyo kila mwalimu aliyebanwa, akachukua anachokijua akakifunika juu ya asichokijua. Akawaambia serikali ni baraza kubwa. Kama sisi tuna mfereji wetu, nayo ina mfereji wake mkubwa unaopita katika nchi nyingi. Ina zamu zake, ina sheria zake, na ina laigwanani wake, ndiye Bwana wa boma. Mtu akikosa mbele yake, afanye kama afanyavyo kwetu.

Aliyasema hayo kwa moyo safi. Hata wazee waliposikia walitikisa kichwa kukubali, kwamba ndiyo, lazima iwe hivyo, maana watu watakaaje pamoja kwa njia nyingine? Hakuna mtu pale, mwenye kusoma wala asiyesoma, aliyeona kosa katika maneno yale.

Msimu uliofuata lile gogo la korongoni likaoza tumboni. Kwanza lilivuja, wakaziba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Kisha likapasuka. Maji yote yakaenda chini, na ng'ambo migomba ikaanza kuinamisha majani. Kina mama wakaanza kushuka korongoni na vibuyu.

Kasaine, aliyekuwa laigwanani wa mfereji, alikwenda bomani kuomba ruhusa ya mti mmoja. Alikaa nje ya ukuta juani mpaka akachoka. Akaambiwa Bwana wa misitu, Mdachi aliyesimamia msitu, amesafiri Moshi, arudi siku nyingine. Siku nyingine akaambiwa hivyo hivyo. Askari mmoja akamdhihaki kwamba wazee wa Arusha sasa wanaomba miti kama watoto wanavyoomba maziwa.

Aliporudi, baraza la mfereji lilikaa. Halikukaa sana. Wakasema: mti tutakata, kwa kuwa maji hayangoji mtu arudi Moshi. Bwana akirudi tutajitokeza wenyewe, na nyasi, na mbuzi. Lemburis akasema yeye ndiye mlinzi wa mfereji, kwa hiyo yeye ndiye atakayeshika shoka la kwanza, na yeye ndiye atakayejitokeza. Na mbuzi akachaguliwa siku hiyo hiyo katika zizi lake, beberu mweupe asiye na kilema. Anyesi alikuwapo zizini, alimshikia babu yake mkia wa yule beberu apimwe unene.

Wakakata mringaringa mnene, hatua chache kupita mafungu ya mawe, mchana, watu wakiimba. Efraimu naye alikuwapo, alivuta kamba pamoja na wenzake. Lemburis akauchonga kwa tezo mpaka mikono ikamvimba. Siku maji yalipovuka tena korongo, watoto walikimbia kando yake mpaka mashambani, wakishindana na maji, na maji yakawashinda.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kupanda, na jambo la kwenda bomani likasogezwa mbele. Wewe mkulima unajua ilivyo. Mbuzi yuko, nyasi ziko, Bwana hatahama.

Bwana wa misitu ndiye aliyewahi. Alikuja na askari na mkalimani wake, Sefu, mtu wa Pangani aliyekaa Arusha mjini pamoja na familia za Waislamu karibu na boma. Walikikuta kisiki kupita yale mafungu ya mawe. Wakashuka, wakawakuta wanaume wachache wanapalilia, wakauliza nani amekata. Wale wanaume wakanyamaza. Hawakunyamaza kwa ujanja. Wao hawana ruhusa ya kujitokeza kwa shauri ambalo baraza limemkabidhi mtu mwingine, na Lemburis alikuwa juu kwenye banio. Kwao kunyamaza ilikuwa adabu. Kwa Bwana ilikuwa uwongo. Akaanza kutukana, akasema atachukua ng'ombe wa kila nyumba. Kisha mvua ikashuka, na mahali pa karibu pa kujikinga palikuwa banda la Efraimu.

Watoto wakasimama wakamwamkia kama walivyofundishwa. Bwana alikuwa amelowa, lakini kuwaona wamejipanga vile kulimtuliza. Alijua Kiswahili cha kutosha. Akauliza, kwa mzaha kidogo, serikali ni nini.

Wakajibu kwa pamoja kwamba serikali ni baraza kubwa.

Akauliza mtu mwema hufanya nini mbele ya serikali. Wakajibu kwa pamoja kwamba hujitokeza mwenyewe.

Bwana akacheka, akamgeukia Efraimu, akamwambia kwamba watoto wake ni bora kuliko baba zao. Halafu, bado anacheka, akawauliza watoto nani amekata mti ule juu.

Efraimu alinyanyua mkono kana kwamba anataka kusema, akaushusha. Walioniambia hawakubaliani alitaka kusema nini. Nafikiri na yeye hakujua.

Anyesi akatoka nje, akaingia mvuani. Wote walimwona akiinama, aking'oa nyasi ukingoni mwa ule mfereji wao mdogo. Akarudi akiwa amelowa, akasimama mbele ya Mdachi, akamnyooshea nyasi kwa mikono miwili.

"Bwana serikali," alisema, "babu yangu Lemburis amekata mti. Gogo lilikuwa limevunjika. Mbuzi yupo, mweupe. Tunaomba tule pamoja, shauri liishe."

Sefu mkalimani alitazama juu, mahali paa lilipovuja. Kama Anyesi angesema kwa lugha ya kwao, Sefu angeweza kuyafunika maneno yale, naye alikuwa mtu wa kuweza. Lakini mtoto alisema Kiswahili safi cha darasani, na Bwana alikwisha kuelewa.

Bwana akazipokea zile nyasi. Alizichukua kama mtu anavyochukua ua kwa mtoto, akampa Anyesi biskuti iliyolowa kutoka mfukoni. Darasa likapumua. Saruni alinong'ona kwamba mbuzi mweupe ana nyama tamu. Waliokuwa nje chini ya migomba, wamekuja kuchungulia, walishuhudia wenyewe kwa macho yao: nyasi zimetolewa, nyasi zimepokelewa. Mmoja wao akakimbia mpaka kwenye banio kumwambia Lemburis kwamba mjukuu amemtangulia, na amemaliza shauri.

Mzee alishuka akiwa na furaha. Askari walipomwambia atakwenda nao bomani hakushtuka, kwa kuwa mbuzi huliwa kwa mkubwa wa baraza. Alimfunga beberu kamba. Alimwambia mkewe asilale na njaa kumngoja, lakini amwekee uji. Akampitishia Anyesi mkono kichwani, akamwambia umesema vizuri.

Sefu alimvuta Efraimu pembeni.

"Mwalimu, nisikilize mimi niliyekaa nao. Mwambie baba'ko apite huku migombani, mimi nitasema amenitoroka."

"Kwa nini atoroke? Bwana amepokea nyasi."

"Amepokea nyasi kama punda anavyopokea nyasi," Sefu alisema. "Ndugu yangu, yule hajui alichoshika."

Efraimu alimfuata baba yake akamweleza, kwa sauti ya chini. Lemburis alimwonea huruma mkalimani. Akasema Sefu ni mtu wa pwani, mambo ya nyasi hayajui. Wakaenda, Efraimu akimfuata baba yake, beberu akivutwa nyuma.

Bomani hapakuwa na baraza. Palikuwa na meza uwanjani. Bwana alisema maneno machache kwa lugha yake, karani akaandika, Sefu akasema kwa Kiswahili huku anatazama miguu yake: hamsa ishirini, na mnyororo mpaka mvua za mwaka ujao. Hamsa ishirini kila mtu wa zamani anaijua, ni hesabu ya viboko ya Mdachi. Walimlaza mzee kifudifudi pale pale. Kwa watu wake mtu aliyekwisha kuwa mzee haguswi hata kwa kidole. Lemburis hakulia. Alipigwa macho yake yakiwa wazi, akimtafuta mtu wa kumweleza kwamba nyasi zilikwisha kupokelewa.

Efraimu akang'oa nyasi kwenye ufa wa ukuta. Akaenda mbele ya meza, akasema yeye pia alikuwapo, yeye alivuta kamba, naye alazwe. Alisema kweli, na alijitokeza kabla hajatajwa.

Bwana akamtazama kwa upole, na huo upole ndio uliomwua Efraimu kabla ya kifo chake. Akasema haamini, kwamba ni mapenzi ya mwana kwa baba, na mapenzi ni jambo jema. Akasema wewe ni mwalimu mzuri, nimekwisha kuliandika jina lako, rudi ukafundishe wengine kama yule mtoto. Nyasi hakuzitazama. Askari wakamsukuma Efraimu nje. Alipogeuka mlangoni aliona beberu mweupe amekwisha kuning'inizwa kwenye mti wa jikoni, anachunwa, na wapishi wanataniana juu ya maini.

Halikuishia hapo. Gogo lenyewe lilikuwa mali ya serikali, kwa hiyo liliagizwa lishushwe. Watu wa ng'ambo walilibeba wenyewe mpaka mjini, kwa mabega yao, wakiwa wameona maji yakianguka tena korongoni nyuma yao. Bwana hakulichoma. Liliwekwa nyuma ya boma, kunyweshea nyumbu wa kubeba mizigo ya safari. Na waliopewa kazi ya kulijaza maji ni wafungwa wa mnyororo.

Efraimu aliyaona hayo alipompelekea baba yake chakula. Alimkuta ameinama juu ya gogo lile, shingo imefungwa pamoja na ya mtu asiyemjua, anamimina maji ndani ya kazi ya mikono yake. Nyumbu wakinywa. Waliruhusiwa kusema kidogo. Mzee hakumlaumu mwanawe. Aliuliza juu ya migomba. Aliuliza kama kuna aliyepata kuzibua mkondo wa pili wa mfereji. Kisha akasema lile ambalo Efraimu alimweleza mkewe Tabea, na Tabea ndiye aliyelihifadhi.

"Kwetu shauri lina mwisho," alisema. "Nimewatazama hawa watu tangu siku ile. Mwisho wao siuoni uko wapi."

Tena akasema Anyesi asiambiwe. Aambiwe babu yuko kwa ndugu zake Kisongo, anatazama ng'ombe.

Efraimu alirudi bomani kila alipoweza. Alikwenda kwa wamisheni, wakaandika kuomba. Alitoa ndama wake wa pekee kwa askari ili mzee alegezwe mnyororo, ndama akachukuliwa na mnyororo haukulegea. Majeraha ya mgongoni yalioza. Baridi ya Meru iliposhuka, Lemburis akapatwa na homa ya kifua, akafa ndani ya mnyororo, mvua alizoambiwa angoje zikiwa bado mbali. Wafungwa wenzake walimzika nyuma ya uzio. Habari ilipofika nyumbani alikuwa amekwisha kufunikwa, na hakuna mtoto wake aliyemshika kichwa.

Sasa tazama mambo ya watu. Efraimu alikwenda mbele ya baraza la mfereji, kwa Kasaine na wazee, ameshika nyasi, akasema kosa ni langu, ni mimi niliyewafundisha watoto kwamba serikali ni kama sisi. Kasaine angeweza kusema kwamba hata wao walikubali siku ile. Hakusema. Alizipokea nyasi. Mbuzi akachinjwa, Efraimu akala pamoja nao, na tangu hapo hakuna mtu aliyemkumbusha. Waliishika sheria yao mpaka mwisho. Lakini asubuhi ya pili banda lilikuwa tupu. Hakuna aliyekuja kusema kwa nini, maana kusema kwa nini kungekuwa kumkumbusha. Wakikutana naye njiani waliamkiana vizuri, wakaulizana habari za ng'ombe.

Aliyewarudisha watoto ni boma. Ilionekana kwamba shule ya mwalimu mzuri imekufa, ikatoka amri: nyumba isiyoleta mtoto italeta mtu wa kuvunja mawe barabarani. Wakarudi. Walikaa kwenye magogo yao, wamefunga midomo, wanamtazama. Hata Saruni. Mfereji mdogo ulikuwa umejaa majani.

Efraimu alisimama mbele yao, akaanza somo jipya, ambalo hakuna misheni wala boma iliyomtuma. Alimwuliza mtoto wa kwanza jina la baba yake ni nani. Mtoto akajibu. Efraimu akasema hapana. Mzungu akikuuliza, sema sijui. Akarudia kuuliza.

Mifugo hii ya nani? Sijui. Nani amepita hapa? Sijui. Njia hii inakwenda wapi? Sijui. Aliwafundisha wasisite, wasitazame chini, wasitazamane, wala sauti isipande. Anayecheka anarudia. Walilijua somo hilo upesi kuliko herufi, upesi kuliko wimbo wowote. Na wazazi wao wakaanza kumletea mwalimu maziwa tena.

Karibu na ile vita ya Wadachi na Waingereza, Bwana yule alipita tena. Ng'ombe wa mjane mmoja walikuwa wameonekana ndani ya mpaka wa mawe ya msitu. Bwana akaja moja kwa moja bandani, kama mtu anayekwenda kwenye kisima anachokijua. Sefu alikuwa naye, mvi zimemtoka. Bwana akauliza ng'ombe wale ni wa nani. Darasa likajibu halijui. Akauliza mmoja mmoja. Saruni alisema hajui ng'ombe ni mnyama gani, jambo lililokuwa kupita kiasi.

Bwana akamtambua Anyesi, amekuwa mrefu sasa. Akainama, akamwambia wewe si ulinipa maua siku ile? Wewe unanijua. Nani ana ng'ombe?

"Sijui, Bwana."

"Babu yako ni nani?"

"Sijui, Bwana."

Alisema macho yake yakiwa katika macho ya Mdachi, bila kupepesa. Efraimu aliyekuwa nyuma aliuona uso ule na hakuujua. Bwana akasimama wima, akamgeukia, akauliza anawafundisha watoto nini hapa.

Askari wakamlaza Efraimu pale pale kati ya magogo, mbele ya darasa. Safari hii hakuna aliyemwambia ni mwalimu mzuri. Wanasema alilala kabla hawajamsukuma. Watoto walitazama mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja aliyesema ng'ombe ni wa nani. Yule mjane alibaki na mifugo yake. Shule ilifungwa siku hiyo.

Nyumbani Tabea alimpaka mafuta ya kondoo mgongoni, akiwa amelala kifudifudi kwenye ngozi. Anyesi alikaa karibu na moto, anachambua maharage. Efraimu alikuwa hajapata kuzungumza naye hata mara moja juu ya babu yake. Miaka yote ile, mtoto alipouliza babu anarudi lini kutoka Kisongo, alijibiwa bado. Kisha akaacha kuuliza. Jioni ile Efraimu akaona hawezi tena.

"Anyesi mwanangu," alisema, "babu yako unajua alikwenda wapi?"

Anyesi aliendelea na maharage. Akatoa bovu, akalitupa. Kisha akamtazama baba yake kwa uso ule ule wa asubuhi, usiosita, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameufundisha.

"Sijui, baba," alisema.

Tabea akasitisha mkono wake mgongoni. Anyesi akainuka, akaenda kutia maharage chunguni.